Dar es Salaam hadi Mbeya kwa Gari, Watu Wawili: Tathmini ya Safari ya Siku Saba

Watu wengi wa Dar es Salaam wanaijua barabara ya Mbeya kwa namna moja tu: wakiwa ndani ya basi, pazia limevutwa, shingo imeegemea kioo, na filamu ya kutafsiriwa inapiga kelele juu ya kiti cha dereva. Mimi nimeipita hivyo kikazi zaidi ya mara kumi, na kama ungeniuliza kuna nini kati ya Morogoro na Uyole, lango la Mbeya, ningekujibu kwamba kuna malori. Mwezi wa sita, mume wangu na mimi tulipotimiza miaka kumi ya ndoa, tuliwapeleka watoto kwa bibi yao, tukakodi gari, tukaifanya safari ileile mchana, tena kwa kuikata vipande viwili, tukilala Iringa njiani kwenda na njiani kurudi. Nimeona niandike tathmini kamili ya gari, njia, malazi, chakula na jiji lenyewe, kwa sababu marafiki wanaoniuliza kuhusu safari hii hutaka kujua jambo moja tu, yaani kama inastahili fedha zake.

Inastahili, lakini kwa namna ambayo sikuitarajia. Karibu kila kitu tulichokilipia mapema kwa simu, kwa kuamini picha na sauti nzuri ya mhudumu, kilituangusha, na karibu kila kitu tulichokilipia papo hapo, uso kwa uso, kilizidi bei yake. Nisingelisema hilo kwa haraka kama lingetokea mara moja.

Tuanze na gari. Kampuni iliyotukodishia, ambayo sitaitaja, ilitutumia picha za gari lenye tumbo lililoinuka, safi, viti vya kitambaa kipya, kwa shilingi 120,000 kwa siku pamoja na amana ya shilingi 300,000. Asubuhi ya kulichukua tuliletewa jingine la aina hiyohiyo lakini lenye umri wa kupewa shikamoo, tukaelezwa kwamba lile la pichani lipo gereji. Mume wangu alikagua mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi mwanga, taa na vifuta kioo, kisha akafunua nyuma na kuligonga tairi la akiba kwa kisigino. Kijana wa ofisini akamwambia, “Liko poa, bosi.” Tukasaini. Jeki hatukuitazama, na hilo ni kosa letu wenyewe, ingawa naamini mtu anayekodisha gari la kwenda kilomita 830 na kurudi hapaswi kungoja mteja amuulize habari za jeki.

Tuliondoka Tabata saa kumi na moja alfajiri, na ninamshauri kila mtu asiondoke baada ya hapo. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, ambacho zamani kilikuwa kinakula saa mbili za maisha ya msafiri, sasa kina njia nane na tulikivuka kabla jua halijachomoza. Baada ya Kibaha barabara inarudi kuwa njia mbili, malori yanaanza kufuatana, na hadi Chalinze, njia panda ya kwenda Tanga, Moshi na Arusha, dereva anajifunza fadhila ya subira. Vijiji vyote vina kibao cha 50, na wajuzi wa njia hii wanajua kwamba hatari haipo mwanzoni mwa kijiji bali mwishoni, pale nyumba zinapokwisha, macho yanapoona pori, mguu unapojisahau, ilhali kibao cha kuruhusu mwendo bado kiko mita mia mbili mbele. Hapo ndipo tulipopigwa tochi, kwa mwendo wa 61, tukaandikiwa faini ya shilingi 30,000 kwa haki kabisa, na afande aliyetuandikia alimtania mume wangu kwamba shemeji aliye pembeni ndiye angepaswa kushika usukani.

Wapo watakaouliza kwa nini tusipande treni. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ni ya raha, lakini ikifika Morogoro inaendelea Dodoma, wala haielekei Nyanda za Juu Kusini. TAZARA inafika Mbeya na kuendelea hadi Kapiri Mposhi, jumla ya kilomita 1,860, na ni safari ya aina nyingine yenye uzuri wake, isipokuwa huwezi kuisimamisha kwa sababu umeona vitunguu vizuri.

Baada ya chai Morogoro, huku milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika ukungu, tuliingia Mikumi saa tano kasoro. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaipasua kwa takriban kilomita 50, jambo ambalo ni balaa kwa wanyama lakini kwa msafiri ni zawadi, maana anaiona mbuga bila kulipa kiingilio alimradi asiondoke barabarani. Ukiingia unakutana na bango linalotaja faini kwa kila aina ya mnyama utakayemgonga, nami nakushauri ulisome, kwa kuwa litaupunguza mwendo wako kuliko tuta lolote. Tuliona twiga wanne wakiwa karibu sana hata tukasikia matawi yakikatika, pundamilia wengi, swala wasiohesabika, na kundi la nyani lililokaa kando ya lami likitazama magari kama wazee wa kijiweni, likisubiri maganda ya ndizi ambayo hairuhusiwi kuwatupia. Miaka yote niliyopita hapa kwa basi, nilikuwa usingizini au upande usio na kitu.

Pancha ilitupata mbele ya mji wa Mikumi, kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo barabara inajipinda kandokando ya mto na jua la mchana linaunguza hata kivulini. Mume wangu alilitoa tairi la akiba, akaligeuza, akanyamaza. Upande wa ndani, ambao kisigino hakikufika, nyuzi zilikuwa zimeanza kuchungulia. Akatafuta jeki, akainua zulia, akatazama chini ya viti, kisha akaniambia kwa upole wa mtu anayejizuia, “Mama, naomba uniletee maji ya kunywa.” Tukaweka pembetatu, na kwa kuwa kona ilikuwa karibu tukafanya kama madereva wa njia hii wanavyofanya, tukakata matawi ya majani mabichi na kuyapanga barabarani kwa hatua kadhaa, kuanzia mbali, ili anayekuja ajue kuna gari limekwama. Robo saa haikuisha lori moja lililokuwa linarudi na shaba ya Kongo likaegesha upande wa pili, na utingo, kijana mwembamba mwenye ndala na koti zito la kijeshi katika joto lile, akavuka barabara akiwa amebeba jeki ya chupa mkononi kama mtu anayekuja kuazima chumvi. Alikaa chini ya gari, akaweka kipande cha ubao chini ya jeki ili isizame mchangani, akalegeza nati kabla hajaliinua gari, akimweleza mume wangu kila hatua kwa heshima, “Mzee, ukiinua kwanza, nati itakusumbua,” na ndani ya dakika kumi na mbili tulikuwa tayari. Alikataa fedha mara mbili. Mara ya tatu tulisema ni ya soda, akapokea shilingi 10,000, akaenda.

Kwa mwendo wa kujikongoja tulifika Ruaha Mbuyuni, kwa fundi pancha aliyekuwa chini ya mbuyu, tena mbuyu halisi, kwa maana bonde lote hilo ni la mibuyu na ndiyo iliyokipa kijiji jina. Alilitoa tairi kwenye ringi, akalizamisha kwenye beseni la maji yaliyokuwa meusi tangu asubuhi, akaonyesha kwa kidole kiputo kilipotoka, akaziba, akajaza upepo na kutoza shilingi 5,000. Wakati anafanya kazi, kinamama wa vitunguu walituzunguka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba vitunguu ninavyonunua Tabata kwa kuchaguachagua huanzia hapa vikiwa vimepangwa kwa ndoo, vikavu, vyekundu, vizito. Tuliahidi kununua tukirudi, na mama mmoja akaniambia, “Wote husema hivyo, mwanangu.”

Kutoka hapo unapanda Kitonga. Mtaani, neno kitonga humaanisha kitu cha dezo, cha kupata bila jasho, lakini mlima wenyewe si dezo hata kidogo: ni kona baada ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande mwingine, na mbele yako lori la makontena linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tulikaa nyuma ya lori moja kwa zaidi ya nusu saa. Mume wangu, ambaye mjini hana subira hata ya taa nyekundu, alizima redio, akafungua kioo, na tukazungumza mambo ambayo hatukuwa tumeyazungumza kwa miezi. Barabara hii ilijengwa upya kwa lami baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa upande mmoja mwaka 1965 na Zambia kulazimika kutafuta njia nyingine ya kufikisha shaba yake baharini, na ukiipanda Kitonga nyuma ya mzigo wa shaba unaona kwamba kazi yake haijabadilika. Juu ya mlima hewa inageuka ghafla, inakuwa ya baridi na kavu, na unapofika Ilula barabara imejaa matenga ya nyanya.

Iringa tuliingia wakati wa magharibi. Mji uko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini yake, kwa hiyo msafiri anayeharakisha huona Ipogolo tu na kudhani ameona Iringa. Hatukuwa tumeagiza chumba. Tuliuliza kwa muuza karanga, akatuelekeza kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa moja, shilingi 45,000 pamoja na chai, ambapo mama mwenye nyumba alitupokea kwa “Kamwene” na kabla hata ya kutuandikisha akafungulia bomba la bafuni ili tushike maji wenyewe tuone kama yana moto. Yalikuwa na moto. Nilikumbuka jambo hilo siku iliyofuata.

Asubuhi tulipanda Gangilonga, jiwe kubwa linaloutazama mji, ambalo jina lake kwa Kihehe humaanisha jiwe linaloongea, kisha tukanywa kahawa Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 ambako watu wenye ulemavu hutengeneza nguo, karatasi na mapambo, na katika mgahawa wao wahudumu ni viziwi, hivyo mteja huagiza kwa ishara au kwa kuandika. Mume wangu alitaka twende Kalenga kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mimi nilitaka Isimila. Muda ulitosha sehemu moja, nami nikashinda kwa kuwa Isimila iko upande wa Mbeya, umbali wa kilomita kama 20. Sijutii. Unashuka kwenye korongo ambamo mvua na upepo vimechonga nguzo za udongo mgumu zenye kofia za mawe, ndefu kuliko nyumba, na juu ya korongo kuna zana za mawe za watu walioishi hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, zikiwa zimelala chini ya kibanda. Mwongozaji alituwekea shoka moja la jiwe mkononi, akatuonyesha jinsi kidole gumba kinavyokaa. Kinakaa kabisa, kana kwamba lilikatwa kwa kipimo cha mkono wangu.

Kipande cha Iringa hadi Mbeya sitakieleza sana, ila niseme kwamba ni kirefu kuliko ramani inavyoonyesha. Misonobari ya Sao Hill ni mizuri na inanukia hadi ndani ya gari, Makambako kuna upepo unaosukuma mlango wa gari usifunguke, na baada ya Igawa unashuka kwenye tambarare ya Usangu yenye mashamba ya mpunga. Chimala nilitamani tukunje kushoto, tupande ile barabara ya kona 57 kwenda Matamba na Hifadhi ya Kitulo, lakini maua ya Kitulo ni ya majira ya mvua, na mwezi wa sita ungekuta nyasi. Mteremko wa Inyala unajulikana kwa ajali za malori. Shuka kwa gia ndogo, acha nafasi, wala usione haya kupitwa.

Uyole tulifika saa kumi na mbili jioni, na kutoka hapo hadi katikati ya jiji tulitumia saa moja na nusu. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga kuelekea uwanja wa ndege wa Songwe ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo malori ya Tunduma, mabasi, daladala, bajaji na sisi tulikuwa tunagombania kipande kimoja cha vumbi. Usipange kuingia Mbeya jioni. Ingia saa nane mchana, au lala Makambako.

Hoteli yetu ya Mbeya tuliilipia wiki mbili kabla, shilingi 110,000 kwa usiku, kwa sababu mtandaoni ilionekana nzuri na mhudumu alinihakikishia kwa simu kwamba maji ya moto yapo saa ishirini na nne. Sitaitaja. Mbeya iko juu ya mwinuko wa takriban mita 1,700, na usiku wa mwezi wa sita baridi yake si ya mzaha. Mtu wa Pwani anaweza kuoga maji baridi Dar mwaka mzima lakini hapa anaona mvuke ukitoka mdomoni mwake ndani ya chumba. Bomba lilitoa maji ya barafu. Mapokezi wakasema tusubiri dakika kumi, kisha wakasema umeme wa hita umekatika, kisha wakasema fundi ameshaondoka, na saa tano usiku tukaletewa ndoo moja ya maji ya moto kwa watu wawili. Asubuhi meneja alinijibu kwamba “wateja wengi hawalalamiki.” Ulikuwepo pia ujumbe mdogo ukutani ulioeleza kuwa kifungua kinywa kinaisha saa tatu, ingawa saa mbili na nusu mayai yalikuwa yameshakwisha. Nilidai marejesho ya usiku mbili zilizosalia, nikapewa ya usiku mmoja. Tukahamia nyumba ya wageni mtaa wa Forest, tuliyoiona kwa macho kwanza, nusu ya bei, yenye mablanketi mawili mazito kila kitanda na mlinzi aliyetuletea jiko la mkaa uani tuote moto, na hapo tukakaa kwa amani.

Sasa jiji. Mbeya lilianza miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na bado lina tabia ya mji wa watu waliokuja kutafuta. Linaitwa Jiji la Kijani, na ni kijani kweli ukiinua macho, kwa sababu mlima Loleza umesimama juu ya nyumba kama mzazi aliyekuja kuangalia watoto wanacheza nini; ukishusha macho unaona vumbi, bajaji na biashara. Sensa ya mwaka 2022 ililihesabia zaidi ya watu laki tano, na jioni unaweza kudhani wote wako kati ya Kabwe na Mwanjelwa. Mitumba inamwagwa chini kwenye maturubai taa za balbu zikiwashwa, wauzaji wanaimba bei kwa vipaza sauti vilivyorekodiwa vinavyojirudia bila kuchoka, na katikati ya kelele hizo kwaya inafanya mazoezi mahali fulani, kwa maana hili ni jiji la makanisa na sauti ya nne inasikika hata ukiwa unachagua koti. Mume wangu alinunua koti la sufu kwa shilingi 15,000 kutoka kwa kijana aliyeanzia 40,000, na mabishano hayo yalidumu muda mrefu hata wapita njia wawili wakasimama kusaidia, mmoja kila upande.

Kwa chakula, Mwanjelwa ndiyo penyewe. Soko la sasa ni jengo la ghorofa lililojengwa baada ya lile la zamani kuteketea kwa moto, lakini uhai wote uko pembeni, kwa mama lishe. Tulikula kwa mama mmoja mtu mzima, tukamwamkia, akaitikia “Marahaba wanangu, kaeni,” kisha akatuletea bila kuuliza wali wa mchele wa Kyela, mbasa wa Ziwa Nyasa aliyekaangwa kisha akachemshwa kidogo kwenye nyanya, maharage mazito na nusu ya parachichi kila mmoja, kubwa kama ngumi mbili. Shilingi 4,000 kwa sahani. Sijui niueleze vipi mchele wa Kyela kwa mtu aliyezoea ule unaoandikwa Kyela kwenye magunia ya Kariakoo: harufu yake inatangulia sahani. Tulirudi kwake siku tatu mfululizo, na siku ya tatu alitukatalia wali, akatupa ndizi za kupikwa kwa nyama na maziwa ya mgando, akisema mgeni asiyekula ndizi Mbeya hajafika. Mume wangu, ambaye nyumbani huona ndizi ni chakula cha wagonjwa, aliongeza sahani, nami nikajifunza kusema “ndaga fijo”, yaani asante sana, kwa matamshi yaliyomchekesha mama hadi akafuta macho kwa kanga.

Maisha ya usiku ni ya nyama choma, kitimoto na muziki, nayo nitayapita haraka kwa sababu sisi tulikuwa kitandani saa nne. Tulikaa jioni moja tu sehemu ya wazi yenye meza za plastiki, tukala vizuri, tukalipa kidogo, na spika zilizokuwa karibu na sikio langu ziliniachia mlio hadi Tukuyu.

Ziwa Ngozi, ambalo lipo kwenye kreta ya volkeno katika safu ya Poroto, ndilo lililonipa furaha kubwa na tope kubwa. Unafuata barabara ya Tukuyu, unakunja kuingia njia ya vumbi inayohitaji gari lililoinuka, kisha unapanda kwa miguu katika msitu wa mianzi na migomba pori kwa saa moja na nusu, na hata mwezi wa sita ardhi haijakauka. Mwongozaji, kijana wa kijiji, tulimlipa shilingi 20,000, na alitukatia fimbo mbili za mianzi ambazo bila hizo ningeshuka kwa makalio. Alimwita mume wangu baba na mimi mama, akatupumzisha kila aliponisikia nimeacha kuzungumza. Juu kabisa msitu unafunguka ghafla, na chini kabisa, mbali, kuna maji ya kijani yaliyotulia, yamezungukwa na kuta za msitu, yakiwa na umbo ambalo waongozaji hulifananisha na ramani ya Afrika. Hakuna kibanda cha soda wala kelele. Mume wangu alitoa mfukoni mahindi ya kuchoma yaliyopoa aliyonunua Uyole, akanivunjia nusu, tukala tukiwa tumekaa kwenye mzizi. Ikiwa ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kulifuata kilomita zote zile, ningechagua hilo.

Siku iliyofuata tulikwenda Kiwira kuona Daraja la Mungu, mwamba wa asili uliolala juu ya Mto Kiwira kama daraja lililojengwa na fundi, na Kijungu, ambapo mto uleule unaingia kwenye tundu la jiwe na kuzunguka kama uji unaokorogwa. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, hivyo unapita getini, unajiandikisha na kwenda kwa adabu. Nusu siku inatosha kwa vyote viwili. Kimondo cha Mbozi, ambacho sasa kiko Mkoa wa Songwe, tulikiacha kwa sababu ya foleni ya upande ule, na mume wangu hajanisamehe.

Kwa wanaotaka hesabu: petroli ilikula kama lita 85 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, ukiongeza na mizunguko ya Mbeya. Chukua koti la kweli, si sweta la ofisini. Weka noti ndogondogo, kwa kuwa muuza parachichi hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi. Kagua tairi la akiba pande zote mbili, na uione jeki kwa macho yako ikiinua gari. Malazi usiyalipie kabla hujashika bomba.

Tulirudi kwa njia ileile, tukalala tena kwa yule mama wa Iringa, tukashuka Kitonga kwa gia ya pili, na Ruaha Mbuyuni nilimtafuta yule mama wa vitunguu hadi nikampata, nikanunua ndoo mbili. Tulipoingia Dar es Salaam Jumapili usiku nyuma ya gari kulikuwa na kilo 25 za mchele, viazi vya Uyole, vitunguu na sado tatu za maparachichi. Yule kijana wa kampuni alizunguka gari na tochi ya simu, akainama kwenye tairi lililozibwa, akatuandikia makato ya shilingi 80,000 kwenye amana kwa “uharibifu wa tairi”, na tulipomwonyesha nyuzi za lile la akiba pamoja na nafasi tupu ya jeki alisema hayo tuyaandike kwa barua, barua ambayo tumeiandika na bado hatujajibiwa. Kisha akanusa, akauliza kama yale maparachichi yanauzwa. Mume wangu alimpa mawili bure, na hicho ndicho kitonga pekee nilichokishuhudia katika safari nzima.